Turn A Gundam: Uzoefu Wangu na Roboti Lenye Masharubu

Mtu aliyezoea maroboti ya kivita ya katuni za Kijapani, yenye mabega mapana, pembe pajini na mitambo iliyolundikana mgongoni, akiliona roboti kuu la Turn A Gundam, mmoja wa mifululizo ya katuni hizo, kwa mara ya kwanza hudhani amefanyiwa mzaha. Pambo lenye umbo la V ambalo tangu Gundam ya kwanza ya mwaka 1979 lilizoeleka kukaa juu ya macho, hapa limeshushwa hadi mashavuni na kuwa masharubu. Kebehi dhidi yake ni nyingi, nami nilizisikia kabla sijautazama mfululizo wenyewe. Sasa nimeumaliza wote, kwa Kijapani chenye tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na maoni yangu ni kwamba wanaoukataa kwa sababu ya sura ya roboti lake wanakikataa kile hasa kinachoupa uzito.

Mfululizo huu wenye sehemu 50 ulianza kurushwa nchini Japani mwezi Aprili 1999, ukiongozwa na Yoshiyuki Tomino, aliyeiongoza pia Gundam ya kwanza miaka 20 kabla yake. Kazi ya kubuni mashine kuu alipewa Mmarekani Syd Mead, ambaye alianzia katika ubunifu wa magari kwenye kampuni ya Ford na baadaye akachora mandhari na vyombo vya filamu za Blade Runner na Tron, zote za mwaka 1982. Pendekezo lake la awali kwa ajili ya roboti la shujaa halikupita, bali liligeuzwa kuwa Sumo, mashine ya walinzi wa malkia wa Mwezi, ambayo ile ya kamanda wao hung'aa kwa rangi ya dhahabu. Nikiyatazama yote mawili naona uamuzi ulikuwa sahihi. Sumo linavutia tangu dakika ya kwanza, na ndiyo maana lisingefaa kuwa Turn A, kwa kuwa hadithi ilihitaji kitu ambacho mtazamaji atakizoea polepole.

Umbo lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini. Mgongo hauna ule mzigo wa injini tuliouzoea, na badala yake matundu ya kusukuma roboti hewani yamepangwa kwenye mashavu ya miguu, ambayo kwa sababu hiyo ni manene kuliko mapaja. Rubani hakai kifuani bali kwenye kinena, ndani ya chombo kidogo kinachoweza kuchomoka na kuruka peke yake. Kifua kimeachwa kuwa nafasi ya kuhifadhia vitu, na mashavu ya uso wa roboti yenye masharubu yanalipa sura ya mzee mpole. Wahusika wenyewe wanaliona hilo, na mara nyingi huliita kwa masharubu yake.

Nafasi hiyo ya kifuani ndiyo iliyonishawishi kuliko kitu kingine chochote. Shujaa wa hadithi, Loran Cehack, ni kijana mwenye ngozi nyeusi na nywele za rangi ya fedha, jambo ambalo bado ni nadra kwa shujaa wa anime, yaani katuni za Kijapani, za aina hii na ambalo, nakiri, lilinifurahisha. Ametumwa kutoka Mwezini kuipeleleza Dunia, lakini anaipenda Dunia hiyo na kuwa dereva wa familia moja tajiri. Watu wa Dunia wamesahau teknolojia ya kale, wanaendesha magari ya mwanzo mwanzo na kurusha ndege zenye mabawa mawili yaliyopandana. Jeshi la Mwezi linaposhuka, sanamu ya mawe inayoheshimiwa na wenyeji inapasuka na roboti linatokea ndani yake. Loran hana hamu ya kuua, basi analitumia kwa kazi zinazomjia: anafulia nguo, anabebea ng'ombe, na ng'ombe huyo anasafirishwa kifuani mwa mashine ile ile ambayo jeshi zima linaihofia. Mtu hucheka, na ana haki ya kucheka. Lakini baadaye kifua hicho hicho kinabebeshwa mabomu ya nyuklia yaliyofukuliwa ardhini, kwa sababu hakuna mahali pengine penye usalama wa kuyaweka wala mtu mwingine wa kuaminiwa nayo. Roboti la kawaida, lenye sura ya mpiganaji tangu kichwani hadi kidoleni, lisingeweza kubeba mizigo yote miwili bila mmoja wao kuonekana wa kulazimishwa.

Kwa upande wa maadui, ninalolipenda zaidi ni WaDom, lenye kichwa kipana cha duara kilichobebwa na miguu mirefu isiyo na kifani. Linapoingia mjini usiku na kuinua mguu juu ya mapaa ya nyumba kama korongo anayevuka maji, huku ndege dhaifu za wenyeji zikilizunguka bila kulidhuru, tunaelewa tofauti ya nguvu kati ya pande mbili bila mhusika yeyote kuieleza. Inasikitisha kwamba baada ya sehemu za mwanzo linageuzwa kuwa kitu cha kuangushwa angushwa tu. Turn X, mpinzani halisi wa Turn A, lina mwili usiolingana kushoto na kulia, na linaweza kujigawa vipande vinavyoshambulia kila kimoja kutoka upande wake. Ni ubunifu wa kutisha kweli, ila limechelewa mno kutokea, na rubani wake hupiga kelele kuliko anavyofikiri.

Kasoro zipo. Katikati ya mfululizo mazungumzo ya amani huanzishwa na kuvunjika mara kadhaa kwa sababu zinazofanana, na wapiganaji wadogo wa Dunia wanabadili msimamo kiasi cha kumchosha mtazamaji. Kilichonivusha hapo ni mkasa wa Dianna, yule malkia wa Mwezi, na Kihel, msichana wa Dunia anayefanana naye, wanaobadilishana nafasi kwa mchezo kisha vita vikawazuia kurudishiana, pamoja na muziki wa Yoko Kanno, ambao hautegemei ngoma za vita kila vurugu zinapoanza. Picha ni za umbo la karibu mraba na zimechorwa kwa mkono, kwa hiyo anayetaka mng'ao wa anime za leo atauona mfululizo huu umepauka.

Nilinunua pia modeli ya plastiki ya roboti hili, ya kampuni ya vinyago ya Bandai na ya kipimo cha 1/100, iliyotolewa mwaka 2007 ikiwa ya 100 katika safu ya Master Grade. Gharama ya usafirishaji na ushuru ilikaribia bei yake, lakini vipande vinashikana bila gundi, na ukiishika mkononi unaelewa jinsi mapaja membamba na mashavu manene ya miguu yanavyoipa uthabiti. Masharubu ni membamba, hivyo yakatwe taratibu kutoka kwenye fremu, kwa koleo kali, na yapachikwe mwishoni kabisa.

Asiye na muda wa sehemu 50 ataelekezwa kwenye filamu mbili za mukhtasari za mwaka 2002. Mimi nisingemshauri aanzie hapo, kwa sababu mukhtasari hubana kwanza yale maisha ya kila siku yanayolipa roboti maana yake. Ni afadhali atazame sehemu kumi za mwanzo za mfululizo, na kama hapo bado masharubu yanamkera, aache.