Msitu wa Arabuko-Sokoke kwa gari, msiogope njia ya ndani

Jamani kama uko Watamu au Malindi na gari lako limeinuka kidogo tu, ingia Arabuko-Sokoke asubuhi mapema kabla jua halijakaza. Sisi tuliingilia stesheni ya msitu ya Gede saa kumi na mbili na nusu na RAV4 ya kukodi, tukafuata njia ya ndani mpaka Nyari, genge la kutazamia msitu, na nawaambia hakuna mawe ya kupasua sampu (bakuli la oili chini ya injini), hakuna mto wa kuvuka, ni njia ya mdogomdogo vioo vikiwa chini.

Utamu wake ni ardhi yenyewe, yaani tairi ndizo zinakuambia umefika msitu gani. Mwanzo ni miti mchanganyiko, mibambakofi na kivuli kizito, gari linapita kimya juu ya majani. Kisha mchanga mweupe, juu kunafunguka, hiyo sasa ni miti ya mrihi, na kiangazi mchanga ule ni laini kwa hivyo usisimame katikati, shika gia ya pili na uende tu. Halafu udongo mwekundu kama matofali, vichaka vimebanana pande zote mbili. Huo ukilowa unateleza kama sabuni, masika msiende na gari.

Kwenye mchanga mweupe ndipo tulimuona sange wa makalio ya dhahabu, kale kanyama kadogo ka pua ndefu. Tulizima injini, tukasikia majani yanachakurwa, kumbe ni yeye hatua kama tano kutoka mlangoni, pua ndefu inapekua wadudu, makalio ya dhahabu kabisa na ncha ya mkia nyeupe, alipotusikia akaruka zake mbio. Wallahi nilishika mdomo. Sange wa aina hii karibu wote waliobaki duniani wako msitu huu huu wa kilomita za mraba 420 hivi, na sisi tunaupita kila siku kwa matatu ya Mombasa hata hatugeuki.

Chukueni mwongozaji pale stesheni, wetu alituonyesha bundi wa Sokoke amelala kwenye kijiti, mdogo kama ngumi, peke yangu nisingemuona hata mwaka mzima. Nyari unapanda genge, unaona msitu wote chini, Mida Creek, na bahari nyuma yake. Tulikula viazi karai hapo.

Ila tairi ya spea ya gari tulilopewa haikuwa na upepo hata kidogo, tuligundua tukiwa Nyari, na ndovu wamo humo ndani. Iguseni kabla hamjaondoka mjini.