Bodi nzima ndani ya faili moja: nimeijaribu InteractiveHtmlBom

Haya, karibuni tena mezani. Leo hakuna boksi la kufungua, kuna faili. Moja tu, hii hapa kwenye simu, na data nimezima, mnaona? Nagusa, inafunguka kwenye kivinjari. Bodi yote ya saketi hiyo, na kila kifaa kilichochomelewa juu yake.

Iliyoitengeneza inaitwa InteractiveHtmlBom, ni programu-jalizi ya bure ya KiCad, ile ya kuchorea saketi aliyoianzisha Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Ukimaliza bodi yako unabonyeza kitufe, unapata ukurasa wa HTML uliobeba kila kitu tumboni: bodi mbele na nyuma, pamoja na orodha ya vifaa. Unayemtumia faili hahitaji kuwa na KiCad.

Sogeeni. Huku orodha, huku bodi. Nagusa mstari wa kapasita za 100nF... ziko 14, zote zimewaka nyekundu kwa mpigo. Nani hajawahi kuisaka C17, yaani kapasita namba 17, kwenye PDF, anavuta picha mpaka macho yanauma, kumbe iko upande wa nyuma? Hapa naandika C17, basi. Na ukigusa kifaa chenyewe kwenye bodi, orodha inakimbilia mstari wake.

Kila mstari una visanduku viwili: kifaa ulichokwisha kununua, na ulichokwisha kuchomelea. Naweka tiki, naenda kula, nikirudi naendelea nilipoishia. Ila tiki hizo zinakaa kwenye kivinjari chako, si ndani ya faili. Ukimrushia mwenzako, anaanza upya.

Kosa nililofanya mimi, msilirudie. Mara ya kwanza sikuchagua miunganiko (mguu upi umeungana na upi) wala njia za shaba kabla ya kutengeneza ukurasa. Fundi akanipigia: “Kaka, nagusa mguu wa chipu hii hakuna kinachowaka, hii 5V inakwenda wapi?” Alikuwa na haki. Chagueni vyote viwili. Faili litanenepa kidogo, si neno.

Sasa lawama yangu. Hii inaonyesha bodi, haionyeshi mchoro wa saketi. Fundi akitaka kujua rezista fulani imewekwa pale kwa kazi gani, hapati kitu. Kwa hilo bado nakimbilia kiigizaji cha saketi cha mtandaoni cha Falstad: saketi yote inajibana ndani ya kiungo chenyewe, mtu akikibonyeza anaona mkondo unatembea, vidoti vya njano vimefuatana kama siafu. Lakini bando liwepo, na saketi ikiwa kubwa kiungo kinakuwa kirefu kama treni ya mizigo.

Kwa kuunganisha na kutengeneza bodi lakini, PDF mimi nimeshaiweka kando. Faili la hii bodi liko kwenye maelezo hapo chini. Pakueni, zimeni data, mnitafutie rezista R9. Niliiweka mahali pa kijinga sana.