Moby-Dick ya mtumba na yule nyangumi wa kweli: nyota 4 kati ya 5

Hiki kitabu, riwaya ya Mmarekani Herman Melville ya nahodha Ahabu anayemsaka nyangumi mweupe, nimekimaliza juzi nikaona niandike uzoefu wangu, maana wakati nakitafuta sikuona mtu wa huku kwetu aliyekielezea. Nilikiagiza mtandaoni kwa muuzaji wa mitumba ya vitabu Dar, 18,000 na nauli ya basi humohumo, kikafika Tanga siku ya pili ila kifurushi kimelowa na kurasa za mwanzo zimejikunja, nimemtumia picha mpaka leo kimya. Nyota niliyokata ni hiyo.

Zilizobaki zote ni za maelezo ya mwishoni. Hili toleo nyuma lina kurasa kama 30 zinazoeleza Melville alimtoa wapi nyangumi wake mweupe, na kumbe hakumtunga tu kichwani jamani! Alikuwepo nyangumi mweupe kweli huko Chile, karibu na kisiwa cha Mocha, wawindaji wakamwita Mocha Dick, habari zake zikatoka kwenye jarida Marekani mwaka 1839, riwaya yenyewe imetoka 1851. Halafu kuna Essex, meli ya kuwinda nyangumi, iling'oa nanga Nantucket huko Marekani 1819, Novemba mwaka uliofuata nyangumi akaigonga kwa kichwa katikati ya Pasifiki ikazama, watu 20 wakabaki na vimashua 3, waliopona 8 tu. Melville mwenyewe alifanya kazi kwenye meli ya nyangumi, na hukohuko baharini akakutana na mtoto wa Owen Chase, mmoja wa wale walionusurika, kijana akamuazima kitabu alichoandika babake. Yaani hapo nilikiweka chini kwanza nikatulia.

Sasa mjomba wangu kavua Sahare hapa Tanga toka ujana wake, jioni nikawa namsomea barazani huku namtafsiria. Nilipofika pale kwamba Mocha Dick alipouawa alikutwa na vyusa (mikuki ya kuwindia) kama 20 vya zamani mwilini, akanyoosha mkono nisimame.

"Rudia hapo mjomba. Ishirini?"

"Ndiyo mjomba, ishirini."

Akakigeuza kiganja chake, lile kovu la mshipi limekipasua toka kidole gumba mpaka kwenye kifundo, akalipapasa weee, ndo akasema, "Basi huyo hakuwa mkali. Huyo alikuwa na madonda."

Toka siku hiyo kila Ahabu akimtukana yule nyangumi mimi moyo unaniuma. Na wale wetu wanaopita huku wakati wa kusi na vitoto vyao ni aina nyingine, wana nundu, wa kitabuni ndo wale wa kichwa kikubwa kilichojaa mafuta, na mafuta hayohayo ya kuwashia taa ndo yalifanya watu wawafuate mpaka Pasifiki.

Kiingereza chake kigumu, herufi ndogo mno, na katikati kuna sura nyingi za vifaa tu, mimi zilinichosha ila mjomba ile ya kamba ya chusa kanirudisha mara mbili.

Ukitaka kununua mwambie muuzaji akupigie picha kurasa za mwisho kabla hujalipa, matoleo mengi ya bei rahisi hayana haya maelezo.