Frida Kahlo kwa ukubwa wake halisi: uzoefu wangu na duka la machapisho River Road

Kama unataka kutundika picha za Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, nyumbani, mwambie mchapishaji akupe ukubwa uleule aliochora mwenyewe. Duka nililotumia, ghorofa ya juu River Road, lilikubali kufanya hivyo, na ndiyo maana nimelipatia nyota nne kati ya tano.

Maduka mengi ya kuchapisha hapa Nairobi hukukuzia kila kitu. Hujafungua hata faili unaulizwa, "A1 ama A0?", zile karatasi kubwa za mabango. Kwa Diego Rivera, aliyechora kuta nzima za majengo ya serikali, ningeelewa. Frida, mkewe, alifanya kazi kwa namna nyingine. Aliumia vibaya kwenye ajali ya basi jijini Mexico City tarehe 17 Septemba 1925, akiwa na miaka 18, akaanza kuchora akiwa amelala kitandani. Picha zake nyingi ni ndogo, baadhi juu ya bati, kwa mfano wa vile vibao vya shukrani ambavyo Wakatoliki wa Meksiko hutundika makanisani. Zinataka usogee. Ukizikuza, unapoteza sababu ya kusogea.

Iliyonipeleka dukani ni Kulungu Aliyejeruhiwa ya mwaka 1946. Ina upana wa sentimita 30 na kimo cha 22.4, imeizidi A4 kidogo tu. Kulungu mwenye kichwa cha Frida yuko mbioni msituni, mishale tisa imemkita, damu inamtoka, na uso umetulia, unakutazama wewe. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo New York. Nyuma ya miti kuna kipande cha bahari na radi inapiga. Chini kushoto, karibu na sahihi yake, ameandika "Carma".

Chapisho la kwanza nililopewa halikuwa na neno hilo. Kijana wa mashine aliipanua picha ijaze karatasi yote, na kwa kuwa A4 ni ndefu kuliko umbo la picha, juu na chini vikakatwa. Nilipomwonyesha hakubishana. Alichapisha upya bila kudai pesa, safari hii katikati ya A3, ukingo mweupe pande zote. Nyota niliyoinyima duka imekwenda hapo, kwa sababu mteja anastahili kuulizwa kabla kazi ya mchoraji haijakatwa. Agiza hivyo tangu mwanzo: karatasi kubwa, picha kwa kipimo chake, ukingo ubaki.

Nguzo Iliyovunjika ya mwaka 1944 ni takriban sentimita 40 kwa 30, na kwangu ndiyo kazi yake kuu. Kiwiliwili kimepasuliwa katikati, na mahali pa uti wa mgongo imesimama nguzo ya mawe ya Kigiriki yenye nyufa. Koseti ya chuma, vazi gumu la kukaza mgongo, imemshikilia asisambaratike. Misumari imemchoma hadi usoni, machozi yanamtiririka, ila kidevu hakijainama. Koseti ile hakuibuni. Kipindi hicho alikuwa akivalishwa ya chuma kweli. Kwenye simu misumari ile ni madoa. Kwenye karatasi nzuri unauona hadi ule mkubwa uliopigwa upande wa moyo. Shangazi yangu, ambaye amewahi kufungwa mshipi wa mgongo kwa miezi, alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akasema, "Huyu mama anajua." Mimi sijasoma uchambuzi wa picha hii ulionigusa kuliko maneno hayo.

Ile ya mwaka 1940, Frida na mkufu wa miiba, inafika takriban sentimita 61 kwa 47, kwa hiyo A2 haitoshi. Ndege mdogo mweusi aliyekufa ananing'inia kifuani, tumbili yuko begani upande mmoja, paka mweusi upande wa pili. Hapa mtihani ni majani ya nyuma. Niliomba kipande cha majaribio kwanza, na kweli kijani kilikuwa kimeelekea buluu. Kikarekebishwa papo hapo. Chagua karatasi isiyong'aa.

Frida Wawili ya mwaka 1939 sikuichapisha. Ni mraba wa sentimita 173, wanawake wa ukubwa wa binadamu walioshikana mikono, mioyo nje, mshipa mmoja ukiwaunganisha. Chapisho la mezani linawageuza wanasesere.

Fremu ilinigharimu kuliko uchapishaji. Fundi wa Ngara alinishauri kioo kisiguse karatasi, maana unyevu wa masika huigandisha, akaweka kadi nene kuzunguka picha. Kazi safi.

Faili inayofuata nimeshaiacha dukani: Diego na Mimi ya mwaka 1949, ile ambayo uso wa Diego uko juu ya nyusi za Frida, na jicho la tatu kwenye paji la Diego. Iliuzwa New York mwaka 2021 kwa dola milioni 34.9. Vipimo vyake vinakaribiana sana na vya kulungu, kwa hiyo nitalipa bei ileile, karatasi ileile, ukingo uleule.