Paketi ya diminazini kwa mbwa koko: uzoefu wangu, Tabora

Kwa mbwa koko tunaowaokota huku Tabora, hasa wale wa pembezoni mwa mapori ya Sikonge na Urambo, diminazini ndiyo dawa ninayoishika kwanza vimelea vinavyoenezwa na ndorobo (mbung'o) vikionekana kwenye damu. Bei yake inabebeka na maduka ya dawa za mifugo huwa nayo. Kasoro yake kubwa ni kwamba imefungashwa kwa ajili ya ng'ombe.

Piga hesabu. Paketi ya gramu 2.36 ina diminazini gramu 1.05, na kipimo ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Maana yake paketi moja inatosha mnyama wa kilo 300, wakati mbwa koko wa kwetu ana kilo 12. Ninayotumia mimi inayeyushwa kwa mililita 15 za maji ya sindano, hivyo mililita moja ni ya kilo 20, na huyo mbwa anapata 0.6 tu. Zipo paketi zinazotaka maji pungufu, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuchanganya. Bomba la mililita 5 halifai hapa. Chukua la mililita 1. Uzito nao usikisie: panda kwenye mizani umembeba mbwa, kisha toa uzito wako.

Nasisitiza hivyo kwa sababu dozi ikizidi inapiga ubongo. Mbwa anaanza kuyumba, macho yanacheza, anapata degedege, na hakuna dawa ya kuigeuza. Ikipungua, vimelea vinabaki na kuzoea. Usirudie kesho yake eti bado amelegea.

Dawa inachomwa ndani ya msuli, mimi napendelea wa kiunoni, maana nyuma ya paja kuna mshipa wa fahamu. Inauma kwelikweli, mfunge mdomo kwa bandeji kwanza. Vaa glavu pia, kwa kuwa aina mojawapo ya vimelea hivi ndiyo inayowapa watu malale.

Kabla ya yote, pima. Tone la damu ya ncha ya sikio likiwekwa kwenye kioo, chini ya hadubini utaviona vimelea vikichezacheza kati ya chembe za damu. Jicho lenye ukungu wa bluu, uso uliovimba na fizi nyeupe vinanitia shaka, ila havitoshi kuchoma. Wauza dawa wengi watakusukumia ivermectin, dawa ya minyoo, kwa kila ugonjwa. Hapa haisaidii kitu.

Damu irudiwe kupimwa baada ya wiki mbili au tatu. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo, diminazini haivifikii vya kutosha: mbwa anapata nafuu, kisha anaanguka tena. Anayezungukazunguka mahali pamoja au kugonga kuta, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujafungua paketi.