Siku mbili za zabibu na jiko la Kigogo: uzoefu wangu wa ziara ya mvinyo Dodoma

Nimeishi Dodoma tangu mwaka 2019, nilipohamishiwa huku kikazi, na kwa miaka yote hiyo mashamba ya mizabibu nilikuwa nikiyatazama kupitia dirisha la gari tu. Mwezi Agosti mwaka huu mimi na mke wangu tuliamua kulipia ziara ya siku mbili inayoandaliwa na kikundi kidogo cha waongozaji wa hapa mjini. Siku ya kwanza ni ya kutembelea mashamba na kuonja mvinyo, na ya pili ni ya kupika vyakula vya Kigogo na kuvila pamoja na mvinyo tuliouchagua wenyewe. Tulilipa shilingi 130,000 kila mmoja, usafiri na mahitaji ya jikoni yakiwemo. Ninaeleza kwa urefu kwa sababu siku hizo mbili hazikulingana hata kidogo, na anayetaka kutoa fedha yake anapaswa kujua anachokilipia.

Tulianzia Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Hapo hatukukaa sana, tukaelekea Hombolo, na huko ndiko nilikojifunza jambo la kwanza la maana. Mkulima aliyetupokea alituonyesha jinsi anavyopogolea: anakata matawi yaliyokwisha kuzaa, anaacha macho machache, kisha anasubiri chipukizi. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe, lakini huku hakuna baridi ya kiasi hicho, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuanzishia msimu kwa mkasi wake, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Hiyo ndiyo sababu Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Alichuma kichala cha zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zao hili kaskazini mwa mji, akanipa punje moja na kuniambia niitafune pamoja na kokwa zake. Ganda lilikuwa gumu, utamu ulitangulia, kisha ukaja ukakasi unaokausha ulimi kama wa ndizi mbichi. Kokwa ilivunjika menoni, na alipoitazama nusu yake kiganjani mwangu akasema imekwisha kuwa ya kahawia, kwa hiyo shamba liko tayari; ingekuwa na ukijani, angesubiri. Akaongeza kwamba zabibu ikishakatwa haingojei mtu, na ndiyo maana asiyepata mnunuzi mapema hulazimika kuikamua na kuhifadhi mchuzi, kama wanavyouita wenyewe, kwenye matangi hadi atakapopatikana wa kuununua.

Kuonja mvinyo, ambako ndiko kulikotangazwa zaidi, kulituvunja moyo. Chupa za mvinyo mwekundu zilikuwa zimekaa ndani ya gari juani tangu asubuhi, na zilipofunguliwa saa nane mchana chini ya paa la bati, harufu ya kileo ilipanda puani na kufunika kila kitu kingine. Nilipouliza, mwongozaji alinijibu kwa upole kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Msemo huo upo, lakini ulizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18, na hakuna chumba cha namna hiyo Hombolo mchana. Mkulima amehangaika na jua, ukame na ndege waharibifu mpaka akapata zabibu nzuri, halafu mgeni anaonjeshwa kitu kilichopikwa ndani ya gari na kuondoka akiamini kwamba mvinyo wa Dodoma ndivyo ulivyo. Jambo hili liliniuma, kwa kuwa sanduku moja la barafu lingetosha kulizuia.

Siku ya pili tulipelekwa nyumbani kwa mama mmoja wa Kigogo aliyetukaribisha kwa "mbukwenyi" na kutukabidhi kazi papo hapo. Mke wangu alipewa kinu cha karanga, mimi nikapewa mwiko wa ugali wa uwele. Mama alichemsha maji na kutia magadi kidogo, akanyunyiza unga wa mlenda uliokaushwa huku akipekecha bila kusimama, kisha nyanya, kisha karanga zilizopondwa, bila tone la mafuta. Alituambia kwamba siku za kawaida huzidisha magadi kuliko hapo, lakini amegundua yakizidi mvinyo hupoa mdomoni na kukosa ladha. Maelezo hayo yana mantiki kabisa, kwani magadi huvunja uchachu, na uchachu ndio uti wa mgongo wa mvinyo mweupe.

Tuliufungua mvinyo mweupe mkavu wa zabibu ya Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa lakini imezoea udongo wa huku vizuri, na safari hii ulikuwa umelala ndani ya ndoo ya maji ya barafu. Sikutarajia chochote. Mlenda unateleza na kubaki ulimini, karanga zinaongeza uzito, na ugali wa uwele una uchungu wa mbali. Funda moja la mvinyo ule mchachu lilisafisha mdomo wote na kuniachia hamu ya tonge jingine. Mke wangu, ambaye si mpenzi wa mlenda, aliomba aongezewe.

Nyama ya mbuzi ililetwa kwa namna mbili, na tofauti yake ilinifundisha mengi. Mbavu zilizochomwa kwa mkaa na chumvi tu, zikiwa na mafuta yake, ziliulainisha mvinyo mwekundu wa Makutupora hadi ule ukakasi wa shambani ukageuka kuwa mzuri. Ile iliyotiwa pilipili kichaa iliuharibu mvinyo huohuo, kwa sababu pilipili na kileo huchocheana, na kilichobaki ni moto kooni. Mvinyo mtamu, ambao ndio wengi wetu tuliozoea kuununua, haukukubaliana na chakula chochote cha mezani. Nilifurahia glasi yake baada ya mlo tu, pamoja na karanga za kukaanga zenye chumvi.

Wiki mbili baadaye nilijaribu nyumbani kwa perege wa Mtera niliomnunua soko la Majengo. Nilimpaka ndimu na chumvi, nikamchoma, nikamla na Chenin Blanc ya baridi, na mvinyo mwekundu niliuweka kwenye friji kwa dakika 30 kabla ya kuumimina. Ulikuwa mvinyo uleule wa Hombolo, na kwa mara ya kwanza nilisikia harufu ya tunda ndani yake.

Nimewaandikia waongozaji wale kuwaomba wauze siku ya pili peke yake, na wabebe barafu katika ile ya kwanza. Wakikubali, tutarudi kwenye mavuno yajayo.