Ushirikiano wa vyuo katika uendelevu: mtandao mkubwa au mkataba wa majirani?
Mtandao kama AASHE, chama cha Marekani cha kukuza uendelevu vyuoni, hutoza ada kila mwaka, ila una kipimo cha pamoja cha uendelevu wa chuo: STARS, chenye ngazi za shaba, fedha, dhahabu na platinamu, na alama hudumu miaka 3. Kigumu ni takwimu za umeme, maji na taka. Bila mtu maalumu wa kuzikusanya, ripoti hukwama.

Mkataba wa vyuo jirani hauna ada, na akiba huonekana upesi: zabuni moja ya paneli za sola, lori moja la taka. Lakini mratibu akihama, kila kitu hunyamaza. Andikeni vyeo, si majina. Gharama zigawanywe kwa uniti zilizotumika.

Kama hamjui mnapoteza wapi, mtandao. Kama bili inajulikana na jirani analia nayo pia, mkataba.